Aliyejaza ngome usiku

Simu iliyonionyesha mchezo wa Clash of Clans haikuwa yangu. Ilikuwa ya mteja, kijana wa Katubuka aliyeiacha kwenye kibanda changu cha kuchaji pale Mwanga (Mwanga ya Kigoma, siyo ile ya Kilimanjaro), na kila baada ya muda ilikuwa ikilia na kuandika kwamba kijiji chake kimevamiwa. Mara tatu jioni ile. Alipokuja kuichukua nikampa pole, nikidhani huko kwao kuna ugomvi wa wakulima na wafugaji. Alicheka mpaka akakaa chini.

Huo ulikuwa mwaka 2014. Kigoma ilikuwa haijaunganishwa na gridi ya taifa, tuliishi kwa majenereta ya dizeli, na umeme ulikuwa unakatika bila kuaga. Riziki yangu ilikuwa humo humo gizani. Nilikuwa na kijenereta kidogo chenye kelele kuliko kazi yake, ubao wenye soketi ishirini, na kompyuta ya mezani ya kuingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Chaji shilingi 300. Mtu anayesubiri simu ana muda wa kukaa, na anayekaa anatafuta cha kufanya. Haikupita miezi mingi benchi langu likawa kambi.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni wa kampuni ya Supercell ya Helsinki, Ufini. Ulitoka 2012 kwa wenye iPhone, sisi wa Android tukaupata Oktoba 2013. Unajenga kijiji, unafundisha askari, kisha unakwenda kuvamia kijiji cha mtu mwingine wakati mwenyewe hayupo. Shambulio moja ni dakika tatu. Kwa mtandao wetu wa wakati ule hiyo ilikuwa neema, maana huhitaji kuonana na adui ana kwa ana. Unahitaji dakika tatu tu za mnara usioyumba. Aprili 2014 wakaleta vita vya klani: kundi moja dhidi ya kundi jingine, siku ya kwanza ya maandalizi, siku ya pili ya mapigano, kila mtu mashambulio mawili. Ukibomoa nusu ya kijiji unapata nyota moja, ukivunja jumba kuu nyingine, ukimaliza kila kitu ya tatu. Hapo ndipo watu wa benchini kwangu walipoacha kucheza kila mmoja kivyake.

Januari 2015 tukaanzisha ya kwetu. Tulikuwa sita. Tulisema klani hivyo hivyo; neno ukoo tuliliogopa, maana ukoo una michango ya misiba. Jina lilikuwa la samaki wa ziwani, silitaji kwa sababu wapo waliolichukua, nitafika huko. Uongozi tulimpa mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita, kwa sababu alikuwa na simu nzuri kuliko wote. Mimi nikawa msaidizi kwa sababu jenereta lilikuwa langu. Ukiniuliza leo nitakwambia makosa yetu yote yaliyofuata yalikuwa tayari yamekaa kwenye benchi siku hiyo.

Vita wakati ule vilihitaji watu wasiopungua 10, kwa hiyo tukafungua mlango. Wakaja wa Ujiji, wa Gungu, wawili wa Kasulu, na kwa sababu tuliandika maelezo yetu kwa Kiswahili, wakaingia pia wawili wa Uvira, Kongo, na mmoja wa Bujumbura, Burundi. Mmoja wa Uvira alikuwa na adabu sana. Alimwita kiongozi wetu "yaya", na vijana wakamtania kiongozi wiki nzima wakimuuliza mtoto ameshakula. Ilibidi mtu aliyewahi kuishi Kalemie atueleze kwamba kwao yaya ni kaka au dada mkubwa, na kwamba bwana yule alikuwa akimheshimu mwenzetu kuliko sisi tulivyowahi kumheshimu.

Saa nazo zilitutesa. Tuliandika: "Wote mpige kabla ya saa 3 usiku." Vita vikaisha saa 3 na nusu. Wale watatu wa ng'ambo wakaingia wakiwa wamejiandaa vizuri kabisa, saa zao zikisema saa 3 kasoro, sisi tukiwa tumeshapigwa na kulala. Bujumbura na Uvira wako nyuma yetu kwa saa nzima. Unaweza kusimama Kibirizi ukaona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, usikumbuke kwamba huko ni saa nyingine. Tangu hapo tukaacha kutaja saa. Tukawa tunahesabu kwa saa ya mchezo wenyewe: "zikibaki saa nne," "zikibaki mbili." Mpaka leo mke wangu akiniuliza bado muda gani, namjibu kwa kuhesabu kinyumenyume.

Yule wa Bujumbura alikuwa mpigaji wetu bora. Aprili 2015 kwao kukachafuka. Tarehe 13 Mei, rais wao akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Afrika Mashariki, kukatangazwa mapinduzi, nayo yakashindwa. Sisi hatukuhitaji redio. Wakimbizi walikuwa wamefurika Kagunga, kijiji cha mpakani, na MV Liemba, meli ile ya Wajerumani ya enzi za Vita ya Kwanza ya Dunia, ilikuwa ikienda na kurudi ikiwaleta Kigoma. Uwanja wa Lake Tanganyika ukajaa, kipindupindu kikaingia. Nilikuwa nachaji simu za watu wasio na 300, nikaacha kudai. Katikati ya hayo yule bwana aliandika kwenye gumzo la klani: "Leo siwezi kupiga. Nafasi yangu mpeni mwingine." Hakuandika tena.

Sheria yetu ilisema asiyeonekana wiki moja anatolewa, kwa sababu nafasi zina kikomo. Wiki ikapita, na mwezi. Hakuna aliyegusa kile kitufe, na hatukuwahi kulijadili. Kijiji kisichoingiwa na mwenyewe huota vichaka na miti, mchezo umetengenezwa hivyo. Nilikuwa naingia kukitazama. Kilianza kuota upande wa kaskazini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwishoni mwa 2015 tulikuwa zaidi ya thelathini na tulikuwa tunashinda kiasi. Kiongozi akaja na sheria mpya: asiyefikisha nyota tatu ndani ya vita viwili, nje. Niliiunga mkono. Si kuunga tu, nilinunua kauntabuku, nikachora mistari kwa rula, majina kushoto, nyota kulia. Nilijiona katibu wa kitu kikubwa. Kila vita vikiisha nilikuwa naandika, na watu walikuja kibandani kutazama nafasi zao kama matokeo ya kidato cha nne.

Kwenye daftari hilo kulikuwa na mtu mmoja tuliyemwita "wa usiku". Alikuwa anaingia baada ya saa 6, bando za usiku zinapoanza, na alfajiri hayupo. Hakuwahi kuandika neno kwenye gumzo. Nyota zake: moja, sufuri, sufuri, moja. Novemba tukamtoa. Kiongozi akaandika kwenye ujumbe wa kumfukuza, "Hatubebi mizigo," na mimi nikapiga mstari juu ya jina lake kwa rula ile ile.

Tukapoteza vita vinne mfululizo.

Tulilaumiana sana. Wengine walisema tumepangiwa wapinzani wakubwa, wengine wakasema wa Kasulu wamelala, kuna aliyesema kuna jasusi. Usiku mmoja, baada ya kipigo cha nne, nilikaa nikaangalia marudio ya jinsi adui alivyokuwa akituingia. Alikuwa anaingia kama anaingia sokoni. Kila klani ina ngome ndani ya kila kijiji, na wenzako ndio wanaoijaza askari siku ya maandalizi. Adui akikaribia, wale askari wanamtokea bila yeye kujua atakutana na nani. Dragoni mmoja, lile joka la kutema moto, aliyekaa ngomeni anaweza kuharibu mpango wote wa mtu. Zetu zilikuwa tupu. Vijiji kumi na tano, ngome kumi na tano, hakuna hata mpiga mishale mmoja.

Nikarudi nyuma kwenye vita tulivyoshinda. Zilikuwa zimejaa, zote, dragoni katika karibu kila moja. Nani alikuwa anazijaza? Nikauliza kwenye gumzo, kila mtu akasema alidhani ni mwingine. Mimi nilidhani ni kiongozi. Kiongozi alidhani ni mimi.

Siku tatu baadaye, mchana, akaja mzee mmoja kibandani. Koti zito la ulinzi kwenye jua lile, kofia ya sufi mfukoni. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa simu aliyoifunga kwa raba. Kioo kilikuwa kimepasuka kona ya chini kushoto, ufa umepanda kama mti.

"Hii itachaji kweli, mzee?"

"Inachaji. Haipokei kidole tu hapo chini." Kisha akawatazama vijana benchini. "Kumbe na ninyi mnacheza kitu hicho."

"Unakijua?"

"Nilikuwa na kundi. Vijana wa humu humu mjini, nadhani, maana walikuwa wanatukanana Kigoma kabisa. Wakanitoa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza basi lilimwacha.

Nikamuuliza jina analotumia, ingawa nilishajua. Akanitajia.

Alikuwa analinda ghala la jumla la sukari na unga, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Mchezo alifundishwa na mjukuu wake ili asilale. Askari wa kushambulia hupangwa kwenye mstari chini ya kioo, wa kwanza wakianzia kushoto, na kushoto kwake kulikuwa kumekufa. Akitaka kushusha dragoni, kidole hakishiki. Alikuwa anashambulia kwa wale wachache waliobaki upande wa kulia, na matokeo yake yakaja kwenye daftari langu: sufuri. Lakini ukurasa wa kujaza ngome haukuhitaji ile kona. Na wakati ule dragoni mmoja alikuwa anachukua nusu saa kufundishwa. Alinieleza hivi, nayakumbuka maneno yake: "Nazunguka ghala kila nusu saa. Nikirudi nawakuta wametoka. Nawagawa, naweka wengine, naenda tena kuzunguka."

Nikamwambia, mzee, aliyekuwa anaandika zile nyota ni mimi. Nikamwonyesha na kauntabuku. Alilivuta karibu na macho, akatafuta jina lake, akaona ule mstari.

"Sasa siku hizi nani anajaza?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana mnapigwa," akasema, akacheka, kile kicheko cha mtu mwenye kikohozi cha baridi ya usiku.

Kiongozi hakutaka arudi. Sheria ni sheria, alisema, tukimrudisha mmoja watataka wote. Lakini msaidizi naye ana uwezo wa kukubali maombi ya kujiunga, nikakubali mwenyewe bila ruhusa. Ningependa kusema tulishinda vita iliyofuata. Tulipoteza, kwa nyota mbili. Iliyofuata ndiyo tulishinda.

Nikaongeza safu ya pili kwenye daftari, ya askari ambao kila mtu amewagawia wenzake. Nayo ikaleta vituko vyake. Vijana wakaanza kugawa wapiga mishale wasiochukua hata dakika moja kufundishwa, mamia kwa mamia, ili namba ipande, na ukiomba dragoni unaletewa kundi la watoto wenye pinde. Mwisho daftari nikalifungia maandazi.

Hivi vitu vidogo vya kulipa na kujaza vinaangusha hata wakubwa. Niliwahi kusoma habari za EVE Online, mchezo wa meli za angani wa kampuni moja ya Iceland. Tarehe 27 Januari 2014 kulipiganwa huko, kwenye eneo liitwalo B-R5RB, vita iliyodumu zaidi ya saa 20 na kuhusisha maelfu ya wachezaji. Meli kubwa kuliko zote, zile za aina ya Titan, ziliangamia 75, na hasara ilikadiriwa kuzidi dola 300,000 za kweli. Chanzo? Malipo ya kushikilia eneo lile hayakupita kwa wakati. Vijana benchini hawakuamini. Mimi niliamini haraka, kwa sababu wiki hiyo hiyo mtu wetu wa namba mbili alikuwa ameishiwa bando katikati ya shambulio, askari wamesimama nje ya ukuta, na mchezo ukahesabu hivyo hivyo walivyosimama.

Juni 2016 ikaja habari ya simu feki. Tulitangaziwa miezi mapema: bonyeza *#06#, chukua ile namba, itume 15090, utajibiwa kama simu yako ni halali. Nilijipatia visenti kwa kuwasaidia watu kuhakiki, na nilikuwa naona nyuso zikibadilika. Usiku wa tarehe 16 zikazimwa nchi nzima, sisi tukiwa siku ya mapigano. Saba wetu wakapotea kwa mpigo. Waliouziwa zile simu waliuziwa kwa bei ya simu nzuri, na aliyewauzia alishahama mji.

Kilichozimwa lakini kilikuwa laini. Simu yenyewe bado ilikuwa inawaka, na ukiiunganisha na intaneti ya simu ya jirani inacheza. Asubuhi nilipofungua kibanda nikakuta watano wamekaa kwenye kizingiti na simu zao zisizo na mnara, wanasubiri mwenye laini. Mwenye laini alikuwa mzee, ndiyo kwanza anatoka lindo. Simu mbovu kuliko zote klani nzima ilikuwa halali. Akawagawia intaneti, akalala ameketi huku simu iko mkononi mwa mtu mwingine. Vita ile tulishinda, na ni moja tu kati ya zote ambayo watu walipiga wakiwa wameegemeana mabega.

Mwaka 2017 kiongozi alikuwa chuoni Dodoma, na hela ilikuwa ngumu. Akaunti yake ilikuwa ya thamani, kijiji kimejengwa miaka mitatu, na wapo wanaonunua. Alinipigia mimi kwanza. "Kaka, nipe elfu themanini uichukue, na klani ibaki kwako." Nilicheka. Nilidhani ananitania, na hata kama asingekuwa anatania, elfu themanini ya kijiji cha kwenye simu ningemweleza nini mama watoto? Sikumwambia mtu. Wiki mbili baadaye tukaamka kiongozi ana jina jingine na anaandika lugha tusiyoijua. Kiongozi hawezi kutolewa na yeyote. Yeye anaweza kumtoa kila mtu. Alianza juu akashuka, jina kwa jina, mpaka jioni tulikuwa nje wote, na klani yetu yenye jina la samaki ikaendelea kuogelea na watu wengine ndani yake. Ipo mpaka sasa.

Kijana yule sijagombana naye. Angekuwa na kosa peke yake, ningegombana. Ila ile simu niliipokea mimi, na nilikuwa na siku kumi na nne za kuwaambia wenzangu wajiandae.

Tulichohangaika nacho siku ile ni kitu kimoja. Tulipotolewa wote, yule wa Bujumbura naye alitolewa. Akija kuingia siku yoyote atajikuta hana klani na hajui tumeenda wapi. Tukafungua mpya, tukaipa jina lile lile na kuongeza herufi moja mwishoni ili akitafuta atuone. Tulirudi daraja la kwanza, hatuna hata historia ya vita moja.

Baada ya hapo sina mengi. 2018 vijana wakahamia kwenye michezo ya kupigana papo kwa papo, PUBG Mobile na Free Fire, ambako adui yupo kweli na anakusikia ukihema. Nilijaribu. Kwa mtandao wa kibandani nilikuwa nauawa kwanza, halafu ndiyo namwona aliyeniua. Oktoba mwaka huo Clash of Clans wakaleta ligi, siku saba za vita na shambulio moja kwa siku, na ligi ilihitaji watu 15 wa kutegemewa. Hatukuwa nao. Wa Uvira mmoja bado alikuwa ananiita yaya, na mimi sasa nilikuwa naitikia.

Tumebaki wanne. Kibanda nilishafunga, nina duka la vifaa vya shule. Mzee amestaafu lindo, mjukuu amemnunulia simu yenye kioo kizima, na amegundua kwamba hata kioo kikiwa kizima yeye ni mpigaji mbaya tu. Usiku bado halali, miaka ile imemharibu. Juzi saa 8 usiku nimeamka kunywa maji nikaona simu inawaka. Alikuwa ameandika: "Kijana, ngome yako tupu. Omba nikupe."